Ufunguo uliotoka nje: kisa cha kubadilisha cheti katika sacco moja Nairobi

Kisa hiki ni cha sacco moja ya Nairobi ambayo wanachama wake wengi ni watu wa matatu: madereva, makanga na wenye magari. Jina la sacco, majina ya watu na anwani za mtandao vimeondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Niliitwa kama mshauri wa nje, asubuhi, mambo yakiwa yameshaharibika. Naandika kwa ajili ya mafundi wa ofisi ndogo, wale wawili watatu wanaobeba mifumo yote ya kampuni mabegani mwao, kwa sababu kosa kubwa la kisa hiki halikuonekana kabisa, na lingeweza kubaki hivyo mwaka mzima.

Usuli

Mashine mbili zinahusika. Ya kwanza ni seva ya Linux, Ubuntu 22.04, inayoendesha Nginx, programu ya seva ya wavuti, na kupokea maombi yote ya programu ya simu: salio, mikopo, malipo ya kila siku. Ya pili ni Windows Server 2016 yenye mfumo wa mikopo ambao makarani wa matawi huufungua kwa kivinjari. Zote mbili zilitumia cheti kimoja cha nyota, yaani kile kinachofunika majina yote chini ya anwani moja, kilichonunuliwa kila mwaka kutoka kwa mamlaka ya vyeti ya kibiashara.

Nitofautishe mapema vitu viwili, maana kuvichanganya ndiko kulikoleta msiba. Cheti ni hati ya wazi inayothibitisha seva ni nani: kina jina la seva, ufunguo wa umma, tarehe za kuanza na kuisha, na sahihi ya mamlaka. Ukitaka kibandike ukutani pale Tom Mboya Street, hutapoteza chochote. Ufunguo wa siri, jozi ya ule wa umma, ni jambo jingine kabisa. Aliye nao anaweza kusimama katikati ya mwanachama na sacco akajifanya ndiye seva, na simu ya mwanachama isishuku kitu.

Mamlaka haitii sahihi vyeti vya wateja kwa cheti chake cha mzizi. Hutumia cheti cha kati, ambacho kimetiwa sahihi na mzizi. Simu yako inaujua mzizi tu, kwa hiyo seva inapaswa kutuma cheti chake pamoja na kile cha kati, ili mlolongo ukamilike.

Kazi ya kubadilisha cheti ilimwangukia kijana mmoja, mwaka wake wa pili kazini. Aliyemtangulia alikuwa amehama bila kuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Cheti cha zamani kilikuwa kinaisha Jumamosi, saa 23:59:59 kwa GMT. Meneja alikuwa ameandika kwenye kalenda "Jumamosi saa sita usiku". Vyeti huandikwa kwa GMT daima, kwa hiyo kwa saa ya Nairobi kingekufa saa nane na dakika 59 usiku wa kuamkia Jumapili. Safari hii tofauti hiyo ilikuwa upande wetu, lakini nimeona mahali pengine ikimkosesha mtu usingizi.

Alhamisi

Saa nane mchana barua pepe ya mamlaka ilifika na faili la zip. Ndani mlikuwa na faili tatu: moja ya `.crt`, moja ya `.ca-bundle` na moja ya `.p7b`. Kijana aliichukua ile ya `.crt`, akaiweka kwenye Nginx mahali pa ile ya zamani, akaamuru Nginx isome upya, kisha akafungua tovuti kwa kivinjari cha kompyuta yake. Kufuli ikaonekana, tarehe mpya ikaonekana. Akaona amemaliza upande huo.

Windows ilihitaji PFX, faili moja inayobeba cheti na ufunguo wa siri pamoja chini ya nenosiri. Aliitengeneza kwenye ile seva ya Linux kwa OpenSSL, programu ya kushughulikia vyeti na funguo, na mpaka hapo alifanya sawasawa:

`openssl pkcs12 -export -inkey nyota.key -in nyota.crt -out nyota.pfx`

Akaihamisha hadi Windows, akaandika nenosiri, na Windows ikajibu kwamba nenosiri si sahihi. Akajaribu tena. Akatengeneza nyingine yenye nenosiri rahisi, kisha nyingine isiyo na alama, kisha nyingine yenye herufi ndogo tupu. Baadaye aliniambia, "Madam, niliandika mara saba, nikaanza kufikiria kibodi ndiyo mbovu."

Saa kumi na moja ilikuwa imekaribia na ofisi inafungwa. Akatafuta mtandaoni, akapata tovuti inayogeuza vyeti bure. Ikamwomba apakie cheti na ufunguo wa siri. Akapakia vyote viwili, akapokea PFX, Windows ikaikubali mara ya kwanza. Akaenda nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyetoka kwenye shida.

Jioni hiyohiyo wanachama walianza kupiga simu. Dawati la huduma lilikuwa limeshafungwa.

Ijumaa

Ilikuwa mwisho wa mwezi. Kuanzia saa kumi na mbili alfajiri makanga walikuwa wakijaribu kulipa awamu za mikopo, na programu ya simu ikawaambia imeshindwa kuunganisha. Ofisini kila aliyefungua tovuti aliiona inafanya kazi. Basi lawama zikaanza kuzunguka: kwanza kampuni ya intaneti, halafu walioandika programu ya simu. Hao walioandika programu walikuwa tayari na dawa yao, toleo jipya lisilohakiki cheti kabisa. Walisema wangelitoa kabla ya saa sita mchana.

Mimi niliitwa saa tatu. Sikufungua kivinjari. Nilifungua terminali ya kompyuta yangu nikaiuliza seva yenyewe inatuma nini:

`openssl s_client -connect [anwani ya seva]:443 -showcerts </dev/null`

Sehemu ya mlolongo ilikuwa na mstari mmoja tu wenye namba 0, yaani cheti cha sacco peke yake. Chini kabisa palikuwa na hili:

`Verify return code: 21 (unable to verify the first certificate)`

Cheti cha kati hakikutumwa. Kilikuwa kimelala ndani ya `.ca-bundle` ambayo hakuna aliyeifungua.

Kwa nini basi kompyuta za ofisini hazikulalamika? Ndani ya cheti chenyewe mna anwani ya mahali pa kuchukulia cheti cha aliyekitia sahihi. Chrome na Edge zikikuta pengo huenda kuchukua cheti hicho zenyewe. Firefox huwa imeshaviweka vyeti vya kati vinavyojulikana. Programu ya simu haina huruma hiyo: ikikuta mlolongo umekatika, inakata mazungumzo, na inafanya vyema. Kwa hiyo kivinjari ndicho chombo kibaya kuliko vyote vya kupimia kazi hii, na ndicho karibu kila mtu hukitumia.

Marekebisho yalikuwa kuunganisha faili mbili, cheti cha sacco kikiwa cha kwanza na cha kati kikifuata:

`cat nyota.crt nyota.ca-bundle > mlolongo.pem`

`nginx -t`, amri inayokagua mipangilio, ikakataa, ikitaja mstari mbaya wa mwisho. Nikafungua faili, na hapo nataka fundi atazame kwa karibu, kwa sababu atakutana na jambo hili. Faili ya kwanza haikuwa na mstari mpya mwishoni, kwa hiyo `cat` ilikuwa imebandika mwisho wa cheti kimoja na mwanzo wa kingine:

`-----END CERTIFICATE----------BEGIN CERTIFICATE-----`

Vistari kumi mfululizo. Nikaweka kiteuzi katikati yake, nikabonyeza Enter mara moja. `nginx -t` ikakubali, Nginx ikasoma upya, s_client ikaonyesha cheti namba 0 na namba 1, na msimbo wa mwisho ukawa 0. Saa tatu na nusu simu ya kanga wa kwanza ilifunguka.

Wengi wangeondoka hapo. Nilikuwa nafunga kompyuta nilipouliza, kwa kutaka kujua tu, ile PFX ya Windows ilitengenezwaje. Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Niliitengeneza kwenye tovuti, madam." Nikamwuliza alipakia nini. Akaniambia ukweli wote, bila kujitetea. Namshukuru mpaka leo kwa hilo.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kulikataa lile toleo la programu lisilohakiki cheti. Lilikuwa halihitajiki tena, lakini nilitaka likataliwe kwa maandishi. Toleo kama hilo likishaingia kwenye simu za watu halirudi. Kuna wanachama ambao hawasasishi programu kwa miezi, na muda wote huo yeyote mwenye kituo cha Wi-Fi stendi angeweza kujifanya sacco.

Uamuzi wa pili ulileta mjadala mrefu. Nilisema ufunguo wa siri tuuhesabu umeibwa: tutengeneze mwingine, tuombe cheti kingine, na kile cha jana kibatilishwe leo. Mwenyekiti aliuliza swali la haki: "Kwani kuna mtu tunajua ameuona?" Hakuna. Huenda tovuti ile ilifuta faili baada ya dakika tano, kama ilivyoahidi. Lakini hatuwezi kuthibitisha, na cheti kilikuwa na uhai wa mwaka mzima mbele yake, kikifunika kila jina chini ya anwani ya sacco. Kubadilisha kungetugharimu alasiri moja.

Aliuliza pia kama mazungumzo ya jana yanaweza kufunguliwa na mtu aliyeyanasa. Hapo nilikuwa na habari njema. Katika TLS, itifaki inayolinda mazungumzo ya simu na seva, toleo la 1.3, na la 1.2 linapotumia ECDHE (njia ya kukubaliana ufunguo wa muda), kila mazungumzo hupata ufunguo wake wa muda mfupi unaotupwa yakiisha. Ufunguo wa cheti huthibitisha tu seva ni nani. Tulihakiki kwamba mashine zote mbili zilikuwa zimejadiliana kwa ECDHE. Hatari ilikuwa ya kujifanya sacco kuanzia sasa, si ya kusoma yaliyopita.

Kabla ya kugusa chochote niliwauliza walioandika programu kama wameifunga kwenye ufunguo fulani wa umma. Programu nyingi za fedha hufanya hivyo, na ufunguo ukibadilishwa ghafla zote hufa. Wakasema hapana. Nikawaomba wanionyeshe kwenye msimbo, wakanionyesha.

Ufunguo mpya ulitengenezwa kwenye seva ya Linux, RSA ya biti 2048, aina ileile kama ya zamani. Kijana alipendekeza tuhamie aina ya mkunjo wa duaradufu (elliptic curve) kwa kuwa ni nyepesi. Ni wazo zuri kwa siku nyingine; siku ya kuzima moto hatuezeki paa jipya.

```
umask 077
openssl genpkey -algorithm RSA -pkeyopt rsa_keygen_bits:2048 -out mpya.key
openssl req -new -key mpya.key -out ombi.csr
openssl req -in ombi.csr -noout -text -verify
```

Ule mstari wa nne watu huuruka. Unasoma ombi la cheti kabla halijaondoka kwenda kwa mamlaka, na ndipo tulipoona jina la kampuni limeandikwa kimakosa.

Mamlaka ilitoa cheti kipya bila malipo ndani ya saa mbili. Tukalinganisha ufunguo na cheti kabla ya kuvisakinisha:

```
openssl pkey -in mpya.key -pubout | openssl sha256
openssl x509 -in nyota.crt -noout -pubkey | openssl sha256
```

Kama ni jozi, mistari miwili hufanana herufi kwa herufi. Haikufanana. Kijana alikuwa ameichukua `nyota.crt` ya jana kwenye folda ya vipakuliwa. Faili mbili, jina moja. Bila ulinganisho huo tungesakinisha ya jana na kujiuliza kwa saa nzima kwa nini Nginx inakataa.

Ikabaki Windows. Nilitaka kwanza tujue kwa nini PFX ya kwanza ilikataliwa, kwa sababu swali hilo ndilo lililompeleka kijana kwenye tovuti. Faili bado ilikuwepo:

`openssl pkcs12 -in nyota.pfx -info -noout`

Jibu lilitaja namna faili ilivyofungwa: MAC (alama ya kuhakiki faili) ya sha256, na usimbaji wa PBES2 wenye AES-256-CBC. Hapo ndipo siri ilipokuwa. OpenSSL 3.0, iliyotolewa Septemba 2021 na kuja na Ubuntu 22.04, ilibadilisha namna ya kufunga PFX kutoka algoriti za zamani kwenda AES. Windows Server 2016 haiwezi kuingiza PFX iliyofungwa hivyo, na badala ya kusema haielewi, inasema nenosiri si sahihi. Nenosiri lilikuwa sahihi mara zote saba.

Tukatengeneza nyingine kwa namna ambayo mashine ile inaielewa:

```
openssl pkcs12 -export -inkey mpya.key -in nyota.crt -certfile nyota.ca-bundle \
  -certpbe PBE-SHA1-3DES -keypbe PBE-SHA1-3DES -macalg sha1 -out mpya.pfx
```

Mtu makini atauliza kama hatukudhoofisha usalama. Tulidhoofisha bahasha, ufunguo uliomo haukuguswa. Kwa hiyo bahasha ilipewa nenosiri refu, ikasafiri kwa WinSCP, programu ya kuhamisha faili kwa usalama, ndani ya ofisi, ikaingizwa, ikafutwa pande zote mbili. Mashine zote mbili zilipokuwa na cheti kipya, tukaiomba mamlaka ibatilishe kile cha jana kwa sababu ya ufunguo kuvuja. Kanuni za CA/Browser Forum, umoja wa mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari, zinaitaka mamlaka itekeleze ndani ya saa 24 katika hali kama hiyo.

Matokeo

Huduma ya simu ilikosekana tangu Alhamisi alasiri hadi Ijumaa saa tatu na nusu. Cheti kipya kilikuwa kwenye mashine zote mbili saa kumi jioni, na kile cha Alhamisi kilibatilishwa usiku huo. Hakuna dalili yoyote iliyopatikana kwamba ufunguo uliovuja ulitumiwa. Wakili wa sacco aliangalia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka Kamishna wa Data apewe taarifa ndani ya saa 72 pale data za watu zinapofikiwa na asiyeruhusiwa. Akaona hapakuwa na data ya mwanachama iliyofikiwa, ila akaagiza tukio lote liandikwe na kuhifadhiwa.

Kijana hakufukuzwa. Kulikuwa na sauti kwenye bodi iliyotaka afukuzwe, nami nilipinga kwa nguvu zangu zote.

Uchambuzi

Pengo la cheti cha kati lilikuwa kosa la kawaida lenye dawa ya dakika tano. Kilicholifanya lidumu usiku mzima ni kipimo kibovu, yaani kivinjari cha ofisini, na dawati lililofungwa saa moja baada ya mabadiliko makubwa. Siku hizi sacco hiyo haibadilishi cheti baada ya saa sita mchana.

Kuvuja kwa ufunguo ni jambo zito zaidi, na sikubali kwamba chanzo chake ni uzembe. Kijana alianza na chombo sahihi na amri sahihi. Alikwama kwenye ujumbe wa uongo: mashine ilimwambia nenosiri si sahihi naye akaiamini, akabadilisha nenosiri mara saba badala ya kuifungua faili na kutazama kilichomo. Ile amri yenye `-info` haigeuzi chochote na haiharibu chochote. Angeiendesha saa kumi, angeliona neno AES, na neno hilo lingempa cha kutafuta. Mimi kwa kila faili ya aina hii ninayopokea hufanya hivyo kwanza. Sitazami jina la faili, kwa sababu `.crt` inaweza kuwa PEM, yenye maandishi yanayosomeka, au DER, ambayo ni baiti tupu. Natazama mstari wa kwanza, kisha `openssl x509 -noout -subject -issuer -dates`, ndipo naamua kama kuna haja ya kugeuza. Mara nyingi haipo.

Kilichokwenda vizuri ni ule ukweli wa saa tatu na nusu. Kama angedanganya, au kama meneja wake angekuwa mtu wa kupayuka, tungemaliza siku tukijipongeza huku ufunguo uko nje. Nilikuja kugundua kwamba sikuwa nimepanga kuuliza swali lile. Sasa liko kwenye orodha yangu: ufunguo huu ulizaliwa wapi, na umepita wapi mpaka hapa?

Nalaumu pia muundo wenyewe. Cheti kimoja cha nyota kwa mashine mbili kinalazimisha ufunguo wa siri usafiri, na kila safari ni nafasi ya kuupoteza. Windows inaweza kutengeneza ufunguo wake yenyewe kwa `certreq`, ikatoa ombi tu, na PFX isiwepo kabisa. Miezi miwili baadaye ndivyo ilivyofanywa: kila mashine ikapata cheti chake chenye jina lake. Ile ya Linux sasa inajihuisha yenyewe kwa ACME, itifaki ya kuomba na kupokea cheti bila mkono wa mtu, kwa vyeti vya siku 90. Hili litakuwa lazima kwa kila mtu, kwani uhai wa juu wa cheti, uliokuwa siku 398, ulipangwa kushuka hadi 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, 100 mwaka 2027, na 47 mwaka 2029. Hakuna ofisi itakayoweza kazi hiyo kwa mkono.

Kila asubuhi saa moja mashine ya tatu, iliyo nje ya mtandao wa ofisi, huziuliza seva zote mbili kwa s_client, hupitisha jibu kwenye `openssl x509 -checkend 2592000`, na kutuma ujumbe kwa watu wawili kama zimebaki chini ya siku 30 au mlolongo umekatika. Inauliza seva iliyo hai, haisomi faili kwenye diski. Kijana ndiye aliyeiandika.

Windows Server 2016 bado ipo. Marekebisho yake ya usalama kutoka Microsoft yanakoma tarehe 12 Januari 2027, na ombi la fedha za kuibadilisha liko mbele ya bodi.